Mtani Wangu Ndani ya Jeneza la Warumi

Watu wa Temeke wakinisikia nikisema nimewahi kufika katika mji wa Warumi, huniangalia kama mtu aliyelala na njaa akaota pilau. Nimefika. Nimeyashika mawe yao kwa mkono huu huu, na ilibaki kidogo mawe hayo yaninyime mke. Shule mie sikukaa. Nilitoka na herufi zangu na hesabu ya kujumlisha, yaliyobaki nikajifunza kwa kuuliza na kwa kukosea. Kwa hiyo anayetaka kujua mfalme gani wa Kirumi alijenga nini, awaulize waliosoma. Mie nasema nilichokiona.

Wakati huo Mwingereza bado yuko kwenye kiti, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Temeke ilikuwa nyumba za udongo na makuti, kila nyumba na mihogo yake ubavuni, na mtu akinunua baiskeli mtaa mzima unakwenda kuipigia kengele. Mie nilikuwa mtia makaa katika meli ya Wafaransa. Ilikuwa ikitoka kwao Marsei, inapita Suezi, inashuka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, mpaka kisiwa cha Bukini, halafu inarudi njia ile ile. Meli nyingine zilikwishaanza kunywa mafuta. Yetu ilikuwa kikongwe, bado inakula makaa, na waliokuwa wakiilisha ni sie tulioishi tumboni mwake, tukitoka juu weusi mpaka kwenye kope.

Kabla ya safari hiyo nilikuwa nimemposa binti wa mzee mmoja mchoma chokaa, jirani yetu. Mzee alinikaribisha barazani kwake, mikono yake myeupe kwa chokaa, mie yangu bado ina makaa kwenye kucha. Tukakaa kama mchana na usiku.

"Kijana, nasikia wewe baharia."

"Ndiyo, mzee."

"Nina dada yangu aliolewa na baharia. Mpaka leo anamngoja."

"Mie nitarudi, mzee."

"Hata yule alisema hivyo hivyo. Tena yeye alisema vizuri kuliko wewe."

Mzee akawa anajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole.

"Sikiliza. Posa yako naipokea. Lakini mwezi wa Shaabani ukiisha hujakanyaga kizingiti hiki, nairudisha. Mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, namwoza karani wa forodhani. Wazee wake wamekwishafika hapa, nimewaambia wangoje."

Nyuma ya mlango nikasikia bangili zikigongana. Nikajua naye amesikia.

Kwa hiyo nilipanda meli nikiwa na jambo moja tu kichwani. Meli ikitoka Marsei kwa wakati wake, ningefika Temeke katikati ya Shaabani. Nikiikosa hiyo, meli inayofuata ingenifikisha watu wamekwishafunga Ramadhani, na karani anachagua kanzu ya harusi. Haikuwa hesabu ngumu. Hata mie wa kujumlisha niliielewa.

Kule kwenye makaa nilikuwa na mtani wangu, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mrefu, mabega yake mapana kama mlango wa ghala. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe vichwani, wakilala kwetu, wakila kwetu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakunyang'anya nyama mdomoni, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeaibisha kabila zima. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye wa kushughulika na maziko, kuchimba, kubeba, na kuchekesha waliofiwa. Basi sie tulitukanana kutoka Dar es Salaam mpaka Ulaya, na koleo halikusimama.

Siku ya kuondoka Marsei, meli ilikuwa ing'oe nanga magharibi. Serahangi wetu, mnyapara wa mabaharia, Mngazija mwenye sauti ya tarumbeta, akatupa ruhusa asubuhi.

"Jua likigusa maji niwaone hapa. Asiyekuwepo, koleo lake nampa mtu mwingine. Watu wamejaa gatini wanalitaka."

Mie nilitaka kulala. Mtani wangu akanivua shuka.

"Mzaramo, amka. Ukifika kwenu wakakuuliza Ulaya ikoje, utasema ni nyeusi?"

"Na wewe utasemaje, mpagazi?"

"Mie nitasema nimeona mji wa Warumi. Mpishi kanieleza."

Ilikuwa kweli. Mpishi wa meli, Mfaransa mnene, kwao ulikuwa mji mmoja wa kale uitwao Arle, kando ya mto mkubwa, mbali kidogo na Marsei. Alikuwa akituambia kila siku, huku anamenya viazi, kwamba Warumi walijenga pale mambo ambayo mpaka leo hayajaanguka. Treni ya asubuhi inakufikisha upesi, alisema, na ya alasiri inakurudisha na muda wa kukaa na kunywa kahawa. Nikafikiri. Kweli, nilikuwa nimekwenda Ulaya na kurudi mara kadhaa, na nilichokuwa nacho cha kusimulia barazani ni bei ya sabuni. Nikavaa koti.

Tulipotoka kwenye treni upepo ukatupokea. Upepo wa kule si wa kupunga mtu. Unakusukuma kama mtu anayekudai njia. Kofia yangu ya kiua niliishika kwa mkono mmoja mji mzima, na mtani akaniambia natembea kama mwanamke mwenye mtungi.

Tukaanza na ule uwanja wao wa mviringo. Kwa kweli nilisimama. Mawe juu ya mawe, matao juu ya matao, duara zima, kubwa hata ukiweka ndani yake soko la Kariakoo lingebaki na nafasi ya kufagia. Kilichonipendeza zaidi ni milango. Milango mingi sana, kila upande, watu wajae kama nzige wangetoka bila kukanyagana. Nikamkumbuka Mwingereza wetu na kivuko cha kwenda Kigamboni, mlango mmoja, watu, mbuzi na magunia ya nazi vinagombea.

Mlinzi wa pale alikuwa mzee mwenye masharubu. Alipotuona tunashangaa akatuigizia. Akaweka vidole kichwani viwe pembe, akakwaruza ardhi kwa kiatu, akatukimbilia. Tukaelewa kwamba mpaka leo ng'ombe dume huingizwa humo, na vijana hukimbia mbele yake, watu wakitazama.

"Ng'ombe mmoja?" mtani akaniuliza kwa Kiswahili. "Wanaume wazima wanakimbizwa na ng'ombe mmoja, na mji mzima unakuja kuangalia? Wamwite Msukuma mmoja awaonyeshe."

Nikamwambia mlinzi, kwa Kifaransa changu cha melini, kwamba rafiki yangu anasifu sana. Mzee akafurahi, akampa mkono.

Tukaenda kuuona mto. Maji mengi, mapana, rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa haraka zake. Nikasema, huu Rufiji, umekosa viboko tu. Na kama Rufiji, karibu na bahari unatawanyika, na kwenye matope yake watu wanalima mpunga. Sikuamini mpaka tulipopita dukani nikauona mchele wenyewe kwenye gunia, punje fupi nene. Nikauchukua kiganjani nikaunusa. Mwenye duka akanitazama vibaya. Mie nilikuwa nikifikiri, kumbe Mzungu naye analima jaruba, na hajatuambia.

Muda bado ulikuwepo. Mpishi alikuwa ametusisitiza tusiondoke bila kuiona njia ya makaburi, basi tukaenda. Ni njia nje kidogo ya mji, miti mirefu huku na huku, na chini ya miti, pande zote mbili, majeneza ya mawe. Si ya mbao, ya mawe. Jiwe zima limechimbwa katikati kama mtumbwi, mtu akalazwa humo, likafunikwa kwa jiwe jingine. Ila vifuniko vingi vimekwenda, na wenyewe wamekwenda, yamebaki mawe matupu yamejipanga kama vihori vya kunyweshea mifugo, mpaka kanisa bovu mwisho wa njia.

Mie nililelewa kwamba ukipita makaburini unawapa salamu walio chini. Nikasimama, nikatoa salamu.

"Hao Kiarabu hawajui," mtani akasema.

"Salamu ni salamu."

"Tena hawapo. Umesalimia vihori."

Nikageuka nimjibu, simwoni. Nikaangalia nyuma ya miti, simwoni. Halafu nikasikia sauti inatoka ndani ya jiwe, nzito, inapwaya kama mtu anayesema ndani ya pipa.

"Nimekufa, Mzaramo. Sitoki humu mpaka unipe kitu."

Kulala, alikuwa amelala sawasawa, mikono kifuani, macho amefumba, miguu imelizidi jeneza kidogo kwa urefu, akakunja magoti. Pwani kwetu hakuna asiyeijua desturi hii. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, kabla hatujamwingiza kaburini, Mnyamwezi mmoja mwanamke alitangulia akalala humo humo, kajitanda kanga ya marehemu, anakohoa kikohozi chake, anaagiza ugoro wake. Akakataa kutoka mpaka alipopewa kuku. Mama yangu alikuwa analia na kucheka, machozi yale yale. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi nami nikafuata desturi. Nikampa ukingo wa mkate.

"Mkate wa nini? Mimi maiti ya heshima. Ongeza."

Nikampa kifungo cha koti.

"Kifungo? Ndiyo maana yule mzee wa chokaa anataka kukunyima binti. Lia kwanza, nisikie kama umefiwa."

Alivyotaja hilo nikaona nimkomeshe. Nikapiga magoti kando ya jiwe, nikashika kichwa, nikaangusha kilio cha Kizaramo, kile cha kutoka tumboni.

"Uwiii! Mpagazi wangu kafa! Mizigo ya Tabora atabeba nani? Kafa ugenini, hajaoga! Uwiii, na mdomo wake mkubwa ule, ardhi itauweka wapi?"

Jeneza likawa linatikisika kwa kicheko alichokizuia. Nikazidisha. Kumbe sauti yangu, na upepo ule, ilifika mbali.

Nilipoinua macho, bibi kizee mmoja amesimama mbele yangu. Amevaa nyeusi tupu, mkongojo mkononi, uso umejaa huruma. Akatazama ndani ya jiwe, akamwona mtu mkubwa, mweusi, amefumba macho, hatikisiki. Kwa maana mtani alipousikia mguu wa mtu alijikaza, akafa vizuri kuliko mwanzo. Yule bibi akaniwekea mkono begani. Halafu akapiga magoti kando yangu juu ya changarawe, na umri wake ule, akatoa tasbihi yake ya Kikristo akaanza kumwombea.

Nakwambia nilikosa la kufanya. Nimwambie nini? Kifaransa changu kilikuwa cha makaa, maji, chakula na matusi. Nikamgonga mtani kwa mguu wangu kwenye jiwe, taratibu, kumpa ishara kwamba tumeingiliwa. Yeye akaelewa kwamba sasa tumekuwa waombolezaji wawili, zawadi imeongezeka. Akainuka akaketi, akanyoosha kiganja hadi kwenye pua ya bibi.

"Haya! Mmenipa nini?"

Bibi hakupiga kelele. Alirudi nyuma tu, akakaa chini, kisha akalala. Kelele alipiga mlinzi wa makaburi yale, na filimbi juu yake.

Tulipofika kituo cha polisi yule bibi alikuwa amezinduka, namshukuru Mungu, watu wakampeleka kwake akanywe kitu cha moto. Sie tukawekwa mbele ya meza ya polisi kijana, safi, nywele zimepakwa mafuta. Akataka kujua tumefanya nini.

"Huyu nani yako?"

"Mtani wangu," nikasema, nikatafuta neno la Kifaransa, nikalikosa. "Ni adui yangu. Nampenda."

"Adui?"

"Ndiyo. Ananitukana. Lazima."

"Kwa nini ulikuwa unamlilia?"

"Kwa sababu alikufa."

"Hakufa."

"Ndiyo, hakufa. Angekufa nisingelia vile."

Polisi akaenda chumba cha pili, akarudi na uamuzi. Mie, alisema, niliyekuwa nje ya jeneza, niende zangu. Yule aliyekuwa ndani atabaki. Ameingia kaburi la watu, amemwangusha bibi wa watu. Kama bibi anataka mashtaka, yatakuwa mashtaka, na hilo litajulikana kesho bibi akitulia.

Kesho. Ukutani kulikuwa na saa kubwa ya mviringo. Treni ya alasiri ilikuwa karibu kuingia stesheni.

Nikamfasiria mtani. Akasugua goti lake.

"Nenda," akasema.

"Niende wapi?"

"Kwenye treni, mjinga we. Nenda ukaoe. Mwambie serahangi nimekufa, safari hii atasadiki."

"Na wewe?"

"Mie mpagazi. Nitarudi kwa miguu, nimeshazoea."

"Kuna bahari katikati."

"Nitaibeba kichwani."

Mie si mtu wa kujisifia mambo ambayo sikuyafanya, lakini hili nililifanya, nalisema. Nilikaa. Nilivuta benchi nikakaa ubavuni mwake, na polisi akaniambia tena niende, nikamwambia nimesikia. Sikuwa nimepumbaa. Nilimwona karani wa forodhani waziwazi, kalamu sikioni, anavuka kizingiti cha mzee. Nilimwona na yule binti. Lakini mtu ambaye ndiye angekushusha kaburini, ambaye desturi imekupa yeye na yeye imempa wewe, unamwachaje mbele ya saa ya ukutani katika mji ambao hajui hata neno la kuomba maji? Saa ikapita pale pa treni. Tukaisikia treni yenyewe ikipiga filimbi.

"Wewe Mzaramo ni punguani," mtani akasema.

"Nyamaza, maiti."

Mlango ukafunguliwa. Bibi kizee akaingia, na shali begani, na nyuma yake mwanaume mnene mwenye buti za matope, tukaambiwa ni mwanawe. Polisi akasimama, akavuta kiti. Bibi hakukaa. Akaja moja kwa moja mbele ya mtani wangu. Yule mtu mrefu akateleza kutoka kwenye benchi akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja, kichwa ameinamisha, kama mtu anavyomwomba radhi bibi yake mwenyewe. Nami nikashuka nikakaa kando yake. Hatukuambiana tufanye hivyo. Mguu wenyewe ulikunjika.

"Shikamoo bibi," mtani akasema, kwa Kiswahili, maana ndicho alichokuwa nacho.

Bibi akainua mkongojo akamchapa nao begani. Si kwa kuua, lakini si kwa mchezo pia. Akamchapa na bega la pili. Halafu akasema maneno marefu ya haraka, na kwa jinsi kidole chake kilivyokuwa kikicheza nilielewa yote bila kufasiriwa, mtu mzima hovyo, kwenu hamna wazee, ningekufa je.

"Mwambie," mtani akaninong'oneza, "na wewe ulilia."

"Sisemi."

Akaninyooshea kidole mwenyewe, akajishika kichwa, akaigiza kilio changu kwa sauti ndogo: "Uwiii." Bibi akanigeukia. Nikachapwa na mie. Na hapo, mkongojo ukiwa bado juu, nikaona midomo yake inajikaza kuzuia kitu. Akaigiza na yeye, kwa sauti yake nyembamba: "Uwiii!" Mwanawe akaanza kucheka. Bibi akamtazama polisi, akapangusa viganja, pa, pa. Yamekwisha.

Polisi alikuwa bado anataka kuandika. Bibi akamwambia neno moja, naye akaweka kalamu chini.

Nikasimama nikaeleza kuhusu meli. Kifaransa kilinijia wakati huo, sijui kilikuwa kimejificha wapi. Meli, jua likizama, Marsei, na mwanamke. Nilipotaja mwanamke bibi akasogea karibu. Akauliza, mke? Nikamwambia, bado, nikichelewa, basi. Akamgeukia mwanawe akampa amri, na mwanawe akajaribu kubisha, akaona mkongojo, akaacha.

Yule bwana alikuwa mkulima wa mpunga. Lori lake lilikuwa limesimama nje na magunia ya mchele ya kupeleka Marsei kesho yake asubuhi. Likaondoka saa ile ile, sie juu ya magunia. Tukapita majaruba yake yamejaa maji, yanang'aa, vitalu vya miche vimeanza kuwa kijani, nikamwonyesha mtani, akasema kwao Tabora wanalima pia ila hawajisifu. Halafu nchi ikabadilika, likaja bonde tambarare la mawe matupu, mawe ya mviringo kama mayai, mpaka macho yanachoka, kondoo wanachungwa juu yake, sijui wanakula nini. Jua lilikuwa linateremka upande wetu wa kulia nami nilikuwa nikilisukuma juu kwa macho. Kuanzia hapo mtani hakutania tena. Hilo lilinitisha kuliko jua.

Gatini ngazi ya meli ilikuwa inavutwa. Serahangi alikuwa juu yake, na chini kijana mmoja na kifurushi chake, tayari ameambiwa asogee. Tukaruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama. Serahangi akatutukana kwa Kingazija, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kila lugha ilikuwa na bibi yetu ndani yake. Lakini ngazi ikashuka. Sijawahi kuyapenda makaa kama jioni ile.

Tukafika Dar es Salaam Shaabani imefika nusu. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda kwa mzee, na mtani akanifuata kwa sababu alinusa chakula. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba anachekecha chokaa. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kwenye kofia.

"Umefika."

"Nimefika, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Shaabani haijaisha."

Alikuwa amefurahi, nilimwona. Na hapo mtani wangu, ambaye nusu ya njia ya lori alikuwa bubu, akarudishiwa ulimi.

"Mzee, usimsifu huyu. Mie nilishikwa na polisi huko Ulaya, nikamwambia nenda kaoe, treni hiyo inaondoka. Akakataa! Akakaa na mie kwenye benchi. Alikuwa radhi kumpoteza binti yako kwa ajili ya Mnyamwezi. Kwa haki, mzee, hiyo posa ni yangu."

Akacheka peke yake. Chekecheke ya mzee ilisimama.

"Ni kweli?"

"Kweli, mzee."

"Meli ingeondoka?"

"Ingeondoka."

"Na binti yangu?"

Mtani akaona utani umepita mpaka, akatazama chini. Pale ningeweza kusema lolote. Ningesema nilijua lori litakuja. Nani angebisha? Lakini sikufika nilipofika kwa kubabaisha.

"Ningemkosa, mzee. Ningeumia maisha yangu yote. Lakini nisingemwacha mtu mikononi mwa polisi wa ugenini nije hapa kuvaa joho."

Chokaa ilikuwa inaanguka kidogo kidogo kutoka kwenye chekecheke, nyeupe, kwenye miguu ya mzee. Nikasema moyoni, haya, karani, chukua.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia.

"Baba, chai inapoa. Wageni waingie."

Mzee akageuza kichwa kuelekea pazia, kisha akanigeukia. Akaipiga chekecheke kwenye goti, pu, vumbi likatufunika sote watatu.

"Umesikia," akasema. "Ingia. Na uoe Shaabani hii hii, kabla hujapata mtani mwingine."

Nikaoa Ijumaa. Miaka mingi baadaye, tumekwishazaa, tumekwishajenga nyumba ya matofali, nikamuuliza mke wangu kwa nini siku ile alisema tuingie, na amesikia kabisa kwamba ningemwacha.

"Ungesema ungemwacha yule mtani wako," akanijibu, "ningeolewa na karani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na mie siku moja naweza kushikwa mahali."